Inanuka siki lakini si siki: tuijue asidi ya asetiki kabla haijatuunguza

Wadau wa Makutupora na Dodoma kwa ujumla, leo siasa tunaziweka pembeni kidogo. Nataka tuongelee kimiminika kimoja kinachouzwa kwenye madumu, hakina rangi, ukikitazama ni kama maji ya kisima, na ukifungua kifuniko harufu yake ni siki. Kwa sababu inanuka siki, watu wanaichukulia poa. Wanaimimina kwenye chupa ya maji ya kunywa, wanaiweka chini ya meza jikoni, maisha yanaendelea. Jamani, si mchezo. Kitu hicho kinaunguza ngozi, na vilevile kinashika moto.

Kabla sijaendelea, Makutupora ninayoisema ni hii yetu ya kaskazini mwa jiji la Dodoma, kwenye barabara ya kwenda Kondoa na Arusha, yenye mashamba ya zabibu, kituo cha utafiti wa zabibu, kambi ya JKT na visima vya maji. Siyo ile ya Manyoni mkoani Singida ambayo jina lake lipo kwenye kipande cha reli ya SGR cha Morogoro–Makutupora. Watu wanachanganya sana.

NI KITU GANI HASA

Jina lake ni asidi ya asetiki. Ikiwa safi kabisa, asilimia 99 na ushee, lebo yake huandikwa kwa Kiingereza Glacial Acetic Acid. Hilo neno la kwanza linahusu barafu, na nitaeleza huko mbele kwa nini barafu inatuhusu sisi watu wa Dodoma kuliko wenzetu wa Dar.

Sisi wa nchi ya zabibu tunaifahamu asidi hii kwa njia nyingine. Ukiacha mvinyo wazi, hewa ikaingia, kuna bakteria wanageuza kilevi kuwa asidi ya asetiki, na mvinyo unakuwa siki. Kila anayetengeneza mvinyo, mkubwa kwa mdogo, anapigana na hao bakteria. Siki ya namna hiyo inakuwa na asidi asilimia chache tu. Bakteria wenyewe hawawezi kuishi kwenye asidi kali sana, hivyo hakuna pipa la mvinyo lililochacha litakalokupa asidi ya asilimia 99. Ya kwenye dumu imetengenezwa kiwandani. Duniani nyingi inatumika kutengenezea malighafi za gundi na rangi za ukutani. Inatumika pia kwenye nguo, ngozi, maabara na usindikaji wa vyakula.

Kwa hiyo asidi ni ileile moja, ila nguvu zake zimetofautiana kwa mbali. Siki ya kachumbari ni asilimia 4 au 5. Ya dumu ni 99. Ni kama mara 20. Ukikumbuka jambo moja tu katika makala hii, kumbuka hilo: kwenye asidi hii usiulize jina, uliza asilimia.

KWA NINI INAINGIA MITAANI

Sababu ni hesabu za pesa. Lita 1 ya asidi ya dumu ukiichanganya na maji lita 19 unapata lita 20 za kitu chenye asilimia kama 5. Dumu moja la lita 20 linatoa lita 400. Mjasiriamali akipiga hesabu hiyo anaona ameokota. Tatizo ni kwamba ile ya viwandani haikuandaliwa kwa ajili ya tumbo la binadamu, inaweza kuwa na uchafu ambao hauna kazi kwenye chakula, na yule anayeichanganya chumbani kwake hana kipimo wala kinga. Masuala ya usalama wa chakula tangu 2019 yako chini ya TBS, kwa hiyo anayetaka kufanya biashara ya siki aanzie huko, asianzie kwenye dumu.

Sehemu nyingine unapoikuta ni kwenye huduma za afya. Uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi kwa njia inayoitwa VIA unatumia asidi hii ikiwa imepunguzwa hadi asilimia 3 mpaka 5. Mhudumu anapaka, anasubiri kama dakika moja, sehemu yenye mashaka inageuka nyeupe. Ni njia nzuri, ya bei nafuu, inaokoa akina mama, na dada zetu waende bila woga. Lakini aliyeko stoo akikosea akatoa ile kali badala ya iliyopunguzwa, mgonjwa anaungua vibaya. Makosa ya aina hiyo yametokea hata kwenye hospitali za Marekani, hadi taasisi yao ya usalama wa dawa, ISMP, ikatoa tahadhari mwaka 2013 kwamba asidi kali isikae kabisa mahali inapohitajika ile nyepesi. Nadhani ushauri huo unatufaa hata sisi. Chupa ya asilimia 99 haina kazi kwenye chumba cha uchunguzi.

INAVYOUNGUZA

Ikigusa ngozi inachoma, ila wakati mwingine maumivu na malengelenge yanachelewa. Mtu anadhani ni maji, anajifuta na kanga, anaendelea na kazi. Baada ya muda ngozi inavimba na kutoka malengelenge. Nguo iliyolowa ndiyo mbaya zaidi kwa sababu inaishikilia asidi pale pale kwenye mwili.

Jicho ndiyo usiseme. Tone moja linaweza kuacha kovu kwenye mboni na uwezo wa kuona ukapotea moja kwa moja.

Mvuke wake unawasha pua, koo na kifua. Kiwango kinachokubalika kitaalamu kwa mfanyakazi wa saa 8 ni sehemu 10 tu katika milioni moja za hewa. Ikifika sehemu 50 inahesabiwa kuwa hatari kwa uhai. Kwa lugha nyepesi, ukiona macho yanatoa machozi na kikohozi kinakushika, umeshazidisha. Toka nje.

Kuinywa ndiyo balaa kubwa. Inaunguza mdomo, koo na tumbo, halafu ikiingia kwenye damu inavunja chembe nyekundu na figo zinaweza kusimama. Wenzetu wa Urusi na nchi za jirani zake wanalijua hili vizuri, kwa sababu kwao siki kali ya asilimia 70 hadi 80 iliuzwa kama kitu cha jikoni, na madaktari wao wameandika sana kuhusu watu walioinywa kwa bahati mbaya au kwa makusudi. Huku kwetu hatari yenyewe ni ile chupa ya maji ya lita 1 na nusu. Mtoto ametoka kucheza juani, anaona chupa, anapiga funda. Hapo hajakosea mtoto, amekosea aliyeiweka.

INAVYOSHIKA MOTO

Watu wengi hawajui kabisa kwamba asidi inaweza kuwaka. Hii inawaka. Ikifikia joto la nyuzi 39 za sentigredi inatoa mvuke wa kutosha kushika moto ukikutana na cheche. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kama mara mbili hivi, kwa hiyo haupandi juu kwenye dari bali unatambaa chini sakafuni. Pale chini ndiko jiko la mkaa linakokaa.

Ndiyo maana kwenye usafirishaji wa kimataifa asidi hii ina namba yake, UN 2789, na dumu lake linatakiwa kuwa na alama mbili: ile ya mkono na chuma vinavyoliwa na asidi, ambayo ni daraja la 8, pamoja na ile ya mwali wa moto, ambayo ni daraja la 3. Ikiwa imepunguzwa kati ya asilimia 10 na 80 inapewa namba UN 2790 na inabaki na alama ya kuunguza peke yake. Ukiona dumu lina alama zote mbili, jua umeshika ile kali.

HALI YA HEWA YETU INAIHUSU

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Asidi ya asilimia 99 inaganda ikifika nyuzi 16.6. Dar es Salaam hata usiku wa Julai kwa kawaida haishuki hapo, kwa hiyo muuzaji wa kule anaweza kuiuza mwaka mzima asiione imeganda. Sisi tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai hapa Dodoma joto linashuka hadi nyuzi 13 au 14. Dumu lililopanda basi likiwa maji linaamka asubuhi likiwa limejaa vipande vyeupe kama barafu. Hilo ndilo lililoipa jina lake.

Mtu asiyejua anafanya mambo matatu, yote mabaya. Wa kwanza anasema imeharibika, anaenda kuimwaga. Wa pili anaona kuna kimiminika kidogo juu ya barafu, anakitumia hicho, na vipimo vyake vyote vinakuwa vya uongo. Wa tatu, ambaye ndiye ninayemwogopa, anaweka dumu karibu na jiko ili iyeyuke. Asidi hii ikiyeyuka inatanuka. Ikiyeyuka upande wa chini huku juu bado ni jiwe na kifuniko kimekazwa, chombo kinaweza kupasuka. Na pembeni kuna moto. Unapata kuungua na kuungua, yaani kwa asidi na kwa moto.

Njia sahihi ni uvumilivu. Iache chumba chenye joto la kawaida, au weka chombo ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, mbali na moto wowote, kifuniko kikiwa kimelegezwa kidogo na hewa inapita. Ikishayeyuka yote ndiyo uitikise taratibu na kuipima.

Halafu inakuja Oktoba, Novemba. Joto la nje mchana kwenye kivuli ni kama nyuzi 31, lakini stoo ya bati isiyo na dari wala madirisha inapita hapo, na buti la gari lililoegeshwa juani ndiyo kabisa. Zile nyuzi 39 si mbali tena. Kwa hiyo katika mwaka mmoja, hapa hapa Makutupora, dumu lilelile linaweza kuganda na kufikia kuwaka. Maelekezo ya mtu wa Dar hayakutoshi, inabidi uwe na ya kwako.

VISIVYOKAA NAYO

Klorini. Huku kwetu dawa za klorini ni kitu cha kila siku, za kutibu maji, za kusafishia sakafu na za kufulia. Ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo ndani ya chumba kidogo inaua. Hii ni hata kwa siki ya kawaida, kina mama msichanganye JIK na siki eti choo kitakate zaidi.

Ndoo na mapipa ya bati. Asidi inakula zinki na chuma na kutoa haidrojeni, gesi inayowaka kirahisi sana. Tumia chombo cha plastiki ngumu, kioo, au chuma cha pua cha daraja zuri.

Magadi makali ya kutengenezea sabuni, yaani kostiki soda. Vikikutana vinachemka na kuruka.

Asidi ya naitriki na dawa zenye oksijeni nyingi kama haidrojeni peroksaidi. Hizo zinaweza kuleta moto au mlipuko. Walimu wa maabara za sekondari naomba mliangalie hilo kabati lenu, maana shule nyingi zinapanga chupa kwa alfabeti, na naitriki na asetiki zote zinaitwa asidi, basi zinakaa rafu moja.

UKILAZIMIKA KUISHIKA

Kwanza vaa. Miwani ya kufunika macho pande zote, aproni ya plastiki, gambuti, na glovu nene za mpira wa kemikali, bora zaidi za butili. Zile glovu nyembamba za hospitali zinapitisha asidi hii haraka, zinakupa moyo tu.

Pili, kazi hiyo ifanyike nje au mahali penye hewa ya kutosha, upepo ukitoka mgongoni kwako. Hakuna sigara, hakuna jiko, hakuna genereta pembeni.

Tatu, ukipunguza nguvu, maji yatangulie kwenye chombo na asidi iingie juu ya maji, kidogo kidogo huku unakoroga. Usifanye kinyume. Na usivute kwa mdomo kwenye mpira, hata kama mafundi wa petroli wanafanya hivyo.

Nne, na hili kwa Dodoma ni la kufa na kupona, maji yawepo KABLA hujafungua kifuniko. Mtu akimwagikiwa anatakiwa kuoshwa kwa maji yanayotiririka dakika 20. Bomba linalotoa lita 10 kwa dakika litatumia lita 200, yaani pipa moja zima. Sasa sisi tunaokaa jirani kabisa na visima vinavyonywesha jiji tunajua kwamba bomba lina siku zake. Kama pipa halijajaa na jagi halipo juu yake, kazi iahirishwe. Hilo ndilo sharti langu la kwanza kwa yeyote.

Stoo iwe na kivuli, na hewa ipite chini na juu. Dumu likae chini sakafuni ndani ya beseni kubwa litakalopokea likivuja, lisipandishwe rafu ya juu ya kichwa. Kufuli liwepo, ufunguo kwa mtu mzima mmoja.

IKITOKEA AJALI

Ngozi: vua nguo zote zilizolowa, viatu pia, aibu iwekwe pembeni. Mwagia maji dakika 20 bila kupumzika. Usipake mafuta, dawa ya meno, asali wala yai. Usijaribu kuiua asidi kwa magadi juu ya ngozi, joto lake linaongeza jeraha.

Jicho: fungua kope kwa vidole, mimina maji safi kutoka upande wa pua kwenda nje, dakika 20 nazo, kisha hospitali hata kama anasema anaona.

Akiwa amekunywa: asuuze mdomo na ateme. USIMTAPISHE, maana itamuunguza mara ya pili ikirudi. Usimpe magadi. Mkimbize Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa, na dumu au lebo yake mwende nayo ili daktari ajue asilimia.

Aliyevuta mvuke: mtoe kwenye hewa, akae kitako, mpelekeni hospitali. Kifua kinaweza kubadilika saa kadhaa baadaye.

Imemwagika chini: zima moto wote jirani, ondoa watoto, zungushia mchanga mkavu. Kisha mwagia magadi soda au chokaa kidogo kidogo mpaka povu liishe, ndipo uzoe. Usitumie maranda ya mbao, hayo nayo ni kuni. Na usiisukumie kwenye mtaro. Bonde hili ndilo linalobeba maji ya Dodoma, tuliheshimu.

Imeshika moto: kizimamoto cha unga au cha kabonidayoksaidi kinafaa, au maji ya kunyunyiza kama mvua, kwa kuwa asidi hii inachanganyika na maji na kupoteza nguvu. Usipige maji ya nguvu moja kwa moja kwenye dimbwi, utalirusha. Moto ukiwa mkubwa kimbia, piga 114 kwa Zimamoto.

Na lori la kemikali likianguka barabarani, hii ya Arusha au ile ya Morogoro, usisogee. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha baada ya lori la mafuta kuanguka na kulipuka watu wakiwa wanachota. Yale yalikuwa mafuta, watu waliyajua kwa harufu. Siku likianguka lenye harufu ya siki, nani atakimbia?

SHERIA INASEMAJE

Tuna Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, ipo chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Anayeingiza, kuuza au kuhifadhi kemikali za namna hii kibiashara anatakiwa awe amesajiliwa, na usafirishaji una masharti yake. Mwaka huohuo 2003 ikatungwa pia sheria ya usalama na afya mahali pa kazi, inayosimamiwa na OSHA, na inambana mwajiri atoe vifaa vya kinga. Kwa hiyo kijana uliyeajiriwa kubeba madumu ukiwa na kandambili, kudai gambuti si ukorofi, ni haki yako.

Lakini wadau, sheria haitaingia jikoni kwako kuangalia chupa. Hiyo ni kazi yako wewe. Leo hii kabla hujalala pita stoo, jikoni, chini ya kitanda, kwenye buti la gari. Kila chupa ya kitu kisicho cha kunywa kilichomo ndani ya chupa ya kunywa, kitoe. Kama ni asidi, irudi kwenye chombo chake, halafu chukua kalamu ya wino mzito andika mambo matatu: ASIDI, asilimia ngapi, na tarehe. Kama hujui asilimia, ihesabu kuwa ni 99 mpaka atakayeipima akuambie vingine.

Mwenye uzoefu wa kazi hizi, iwe maabara, kiwandani au kwenye mvinyo, karibu aongezee hapo chini. Naomba kuwasilisha.